Thredi imelala inasubiri data, sasa unaiamshaje?

Mwezi huu barua zimekuja nyingi, na nikizipanga naona karibu nusu zinauliza kitu kilekile kwa sura tofauti: thredi, yaani mkondo mmoja wa kazi ndani ya programu unaokwenda sambamba na mingine, imeingia kusoma, data haiji, na mwenye programu anataka kuondoka. Nimechagua tano. La kwanza nimelijibu kwa urefu kwa sababu humo ndo kuna mzizi wa yote.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa hapa Masasi, nimeandika programu ya C++ ya kusoma mizani ya ghala la korosho. Mizani imeungwa kwa waya wa siriali, kila gunia likitulia juu inatuma mstari mmoja. Nina thredi moja kazi yake ni kusoma tu, na dirisha la programu liko kwenye thredi nyingine. Shida inakuja jioni, karani akibonyeza Funga programu inaganda, maana hakuna gunia juu kwa hiyo hakuna data, thredi imekaa tu kwenye read, ile ya kusoma, na join, ile ya kungoja thredi imalize, inaisubiri. Wakiweka chochote juu ya mizani programu inafunga. Karani ameshazoea, akitaka kwenda nyumbani anabonyeza Funga alafu anapanda mwenyewe juu ya mizani. Nyumbani natumia Linux, ghalani ni Windows. Kwenye Linux nimejaribu signali haikufanya kitu kabisa, nikajaribu pthread_cancel ikakubali ila sina imani nayo. Kwenye Windows nimeweka TerminateThread, inafanya kazi, ila kuna siku tatu hivi programu iliganda moja kwa moja mpaka wakazima kompyuta. Nataka msimbo uwe mmoja pande zote. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba kijana wangu, na hongera, umeeleza vizuri sana. Hiyo ya karani kupanda juu ya mizani ndo ugonjwa wenyewe umeuona kwa macho. Thredi yako haijafa wala haijaharibika, imelala ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo wa kompyuta, inasubiri baiti, na kitu pekee kinachoweza kuiamsha kwa sasa ni baiti kutoka kwenye mizani. Kwa hiyo usitafute namna ya kuiua, tafuta namna ya kuipa kitu cha pili cha kuiamsha.

Tuanze na TerminateThread, na hapa naomba unisikilize kweli kweli, iondoe leo, usisubiri toleo lijalo. Ile inaikata thredi palepale ilipo bila kuuliza umeshika nini mkononi. Destrakta, zile kazi za kusafisha, hazikimbii, na makufuli yanayozuia thredi mbili kugusa kitu kimoja kwa pamoja hayaachiwi. Fikiria thredi yako imepokea mstari, tuseme ST,+0084.5 kg, inataka kuuongeza kwenye orodha ya magunia, orodha inaomba memori, na kuomba memori kunashika kwanza kufuli la hipu, ghala la memori, ambalo programu nzima inalitegemea, na ni sekunde hiyohiyo karani kabonyeza Funga. Thredi imekufa na ufunguo mfukoni. Thredi ya dirisha inakuja kuomba hata baiti ishirini za memori, inakuta kumefungwa, na mwenye ufunguo hayupo tena duniani, inasubiri milele. Ndo zile siku zako tatu. Siku nyingine zote ulipona kwa sababu jioni thredi ilikuwa imelala kwenye kusoma, haijashika kitu. Microsoft wenyewe kwenye maelezo yao wameandika wazi kwamba ni kitu cha hatari, cha kutumiwa pale tu ambapo umeishiwa kabisa.

Sasa signali, ile ishara ya kuishtua programu. Nahisi handler, kazi inayoipokea ishara hiyo, uliiweka kwa ile signal ya kawaida. Kwenye Linux na glibc, maktaba yake ya C, hiyo inaweka SA_RESTART kimyakimya, yaani handler inakimbia, inamaliza, alafu kerneli inairudisha read palepale ilipokuwa imelala kama vile hakijatokea kitu, ndo maana ukaona haifanyi kazi. Ukiiweka kwa sigaction bila SA_RESTART, read itarudi na -1 na errno, namba ya kosa, itakuwa EINTR, yaani imekatizwa, na hapo unatoka. Na uilenge thredi yenyewe kwa pthread_kill, usitumie kill ya prosesi nzima, yaani programu yote inayokimbia, maana hiyo inaweza kuangukia thredi yoyote ambayo haijaizuia signali hiyo, pengine ya dirisha.

Lakini hata ukirekebisha hivyo bado kuna shimo, na hili nataka uliangalie kwa karibu kwa sababu limewasumbua watu wazima wenye uzoefu. Kila mzunguko thredi yako inafanya mambo mawili: inaangalia bendera ya kusimama, inakuta sifuri, alafu inaingia read. Kati ya kuangalia na kuingia kuna upenyo mdogo, maelekezo machache tu ya prosesa. Karani akibonyeza Funga ndani ya upenyo huo, bendera inawekwa moja, signali inafika, handler inakimbia na kuisha, hakuna read ya kukatizwa kwa sababu bado haijaanza, thredi inaendelea na safari yake, inaingia read, inalala. Bendera imesimama na hakuna anayeiangalia tena. Ni sawa na kugonga mlango wakati mwenyewe yuko uani, anarudi ndani anajifunika shuka, na wewe ushaondoka. Upenyo wenyewe mdogo kiasi kwamba nyumbani ukijaribu mara mia hutauona, utauona ghalani siku ya mnada, magunia yamepangana na watu wanakupigia simu.

Ndo sababu pselect, kazi ya kulala ukisubiri data au signali, ikatengenezwa, na Linux wana ppoll pia. Signali unaizuia muda wote, inafunguliwa tu ukiwa ndani ya usingizi, yaani kufungua na kulala vinakuwa tendo moja lisilogawanyika. Na hata hiyo pselect kwenye Linux ilikuja kuwa ya kerneli yenyewe kwenye toleo la 2.6.16 mwaka 2006, kabla ya hapo glibc ilikuwa inaiigiza kwa kubandika hatua mbili, na upenyo uleule ukawa umerudi kwa mlango wa nyuma.

pthread_cancel uliyosema huna imani nayo, hisia zako ziko sawa. Yenyewe haiko kama TerminateThread, kwa kawaida inangoja mpaka thredi ifike kwenye sehemu zinazoruhusiwa kufia, na read ni mojawapo, kwa hiyo kweli inaiamsha. Tatizo ni kwamba write nayo ni sehemu ya kufia, sleep pia, kusubiri kondishini pia, kwa hiyo kila mahali unapoandika logi huku umeshika kufuli inabidi uwe umepanga kabla nani atalifungua, kwa pthread_cleanup_push. Kwenye C++ na glibc thredi inayokatishwa inashuka ngazi kama vile kuna eksepsheni, destrakta zinakimbia, vizuri, lakini ukiwa na catch ya nukta tatu inayomeza kila kitu bila kurusha tena, programu nzima inaangushwa. Na usije ukashawishika kuibadilisha iwe ya papohapo, ile asynchronous, maana POSIX, kanuni za pamoja za mifumo ya aina ya Unix, inakuhakikishia kazi tatu tu ambazo ni salama ndani ya hali hiyo, na zote tatu ni za hukohuko kwenye mambo ya kukatisha, hata malloc haimo. Alafu kwako wewe kuna kikwazo kikubwa zaidi, Windows haina kitu hicho kwenye API yake, na ukija kuipeleka programu kwenye simu, Bionic, maktaba ya C ya Android, nayo haina pthread_cancel. Kwa hiyo msimbo mmoja pande zote kwa njia hiyo haupo.

Njia ninayotaka uichukue ni hii: thredi isilale kwenye read kamwe, ilale mahali ambapo inaweza kusubiri vitu viwili kwa pamoja, baiti za mizani na neno la kusimama, chochote kitakachotangulia kinaiamsha.

Kwenye Linux, mwanzoni kabisa tengeneza paipu, bomba la data lenye mdomo wa kuandikia na mdomo wa kusomea. Thredi inaita poll ikiwa na vitu viwili kwenye orodha, waya wa siriali na mdomo wa kusomea wa ile paipu, bila taimauti. Ukitaka isimame unaandika baiti moja upande wa pili wa paipu. Basi. Poll inarudi, thredi inaona ni paipu ndo imeongea, inafunga mambo yake kwa utaratibu inaondoka. Na ule upenyo niliokueleza haupo tena, kwa sababu baiti siyo kama signali inayopita na kupotea, baiti inakaa ndani ya paipu, hata kama thredi ilikuwa bado haijaingia poll itaikuta inasubiri. Hii ni mbinu ya zamani, jina lake linaenda na mwandishi wa programu D. J. Bernstein, na bado ndo naiamini kuliko zote. Kama ni Linux tu unaweza kuweka eventfd badala ya paipu, ipo tangu kerneli 2.6.22 ya mwaka 2007, inatumia namba moja ya faili badala ya mbili, unaiandikia baiti nane. Na ufungue siriali kwa O_NONBLOCK, ili poll ikisema kuna data alafu ukakuta hakuna, read isikulaze tena. Ukifika kwenye macOS tumia select badala ya poll, maana ukurasa wao wa poll umekuwa na tahadhari kwamba haishughulikii vifaa, na siriali ni kifaa.

Kwenye Windows wazo ni lilelile kwa nguo nyingine. Fungua COM, yaani mlango wa siriali, kwa FILE_FLAG_OVERLAPPED. Unaita ReadFile, inarudi hapohapo ikisema kosa 997, ambalo siyo kosa, maana yake kazi imepokelewa inaendelea. Alafu unalala kwenye WaitForMultipleObjects ukiwa na hendeli mbili, iventi ya kusoma na iventi ya kusimama. Karani akibonyeza Funga, dirisha linaita SetEvent kwenye ile ya pili, na iventi ikishawekwa inabaki imewekwa, kwa hiyo upenyo hakuna. Thredi ikiamka inaita CancelIoEx, na hapa ndo wengi wanaumia: usirudi hapohapo. CancelIoEx ni ombi tu. Mpaka kusoma kumalizike kweli, kerneli bado ina haki ya kuandika kwenye bafa yako, memori ya kupokelea data, na kwenye ile OVERLAPPED yako, na kama vilikuwa kwenye steki, memori ya muda ya fanksheni, na wewe umeshatoka kwenye fanksheni, itaandika juu ya vitu vya watu wengine. Ita GetOverlappedResult ukiiambia isubiri, utapata kosa 995, yaani imekatishwa, au utapata data halali kama mizani ilikuwahi, vyote sawa, ndo sasa ondoka.

Kuna pia CancelSynchronousIo, ilikuja na Vista, unaipa hendeli ya thredi na yenyewe inakatisha kusoma kwa kawaida ambako thredi imelala. Inasaidia ukiwa na msimbo wa zamani usioweza kuugeuza. Ila ina upenyo uleule wa signali, ukiita kabla thredi haijaingia kusoma inakujibu 1168, hakuna cha kukatisha, na sekunde inayofuata thredi inaingia kulala. Itabidi uite kwenye lupu mpaka thredi ithibitishe imetoka.

Kuhusu msimbo mmoja: andika klasi moja ndogo yenye kazi mbili, subiri na amsha. Ndani yake ndo kuna tofauti ya Linux na Windows, mistari kama mia moja hivi kwa jumla, na programu yako iliyobaki haijui iko wapi.

Na nikuambie ukweli mwingine, kwa mizani moja kwenye ghala moja, kama msimu umeshaanza na huna muda wa haya yote, taimauti inatosha. Kwenye Linux weka VMIN sifuri na VTIME tano, VTIME inahesabu kwa sehemu za kumi za sekunde, kwa hiyo read itarudi kila nusu sekunde ikiwa mikono mitupu. Kwenye Windows ni SetCommTimeouts, ReadTotalTimeoutConstant iwe 500 na zile nyingine za kusoma ziwe sifuri. Kila ikirudi angalia bendera. Karani atasubiri nusu sekunde, na hatapanda tena juu ya mizani. Ikija siku una mizani arobaini kwenye mashine moja, rudi kwenye njia ya kwanza.

SWALI: Habari ya kazi mwalimu, niko Nairobi. Seva yangu ya C iko kwenye Linux, kila mteja ana thredi yake. Nikitaka kumtoa mteja, thredi kuu inafanya close kwa soketi yake, ile njia ya kuongea naye mtandaoni. Thredi haiamki, na mara mojamoja naona data ya mteja mmoja inatokea kwa mwingine. Si close inafaa kuikatisha read?

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Hapana, na hii acha leo, kwa sababu haiishii kwenye kuganda tu, inaweza kuvujisha mambo ya watu.

Kwenye Linux thredi iliyolala ndani ya read imeishikilia soketi yenyewe, siyo namba yake. Wewe ukifanya close umefuta namba kwenye daftari, soketi bado ipo kwa sababu kuna aliyeishika. Thredi haiamki, na hata mteja wa upande wa pili hajapata taarifa kwamba umefunga, maana ile pakiti ya kwaheri haitumwi mpaka wa mwisho aachie. Mifumo mingine haifanyi hivyo, Solaris kwa mfano ilikuwa inaiamsha thredi ukifunga, kwa hiyo kuna msimbo wa zamani ulioandikwa kule ukaletwa Linux na watu wakashangaa.

Hiyo ya data kuvuka imenipata mwenyewe, miaka ya nyuma, kwenye mfumo wa kupokea meseji za malipo. Mteja A alikuwa kwenye namba 7. Thredi kuu ikamfunga, namba 7 ikawa huru, sekunde hiyohiyo mteja B akaunganishwa, na kerneli kawaida yake inatoa namba ndogo kabisa iliyo wazi, kwa hiyo B akapewa 7. Thredi ya zamani ya A bado imelala. A akatuma baiti zake za mwisho, thredi ikaamka, ikazipokea vizuri tu bila kosa lolote, ikarudi juu kwenye lupu, ikaita read ya 7 tena. Sasa 7 ni B. Meseji ya malipo ya B ikakatika vipande viwili, nusu ikaingia kwenye thredi ya A na nusu kwenye thredi yake mwenyewe, na kwenye logi hakuna kosa hata moja, kila read imerudi salama. Tulikaa siku nne kuitafuta, na wakati huo kuna mama ametuma hela ya ada ya mtoto na shule inamwambia haijafika. Sijasahau.

Dawa ni ndogo. Thredi kuu iite shutdown ya SHUT_RDWR, isiite close. Hiyo inakata mazungumzo lakini namba inabaki, read ya thredi inarudi na sifuri kama vile mteja kaondoka, thredi inasafisha vyake na yenyewe ndo inaita close. Sheria ninayowafundisha vijana wangu ni kwamba anayesoma ndo anayefunga, hakuna mwingine. Na mwambie thredi kuu isiite shutdown baada ya mwenzake kushafunga, maana utarudi kwenye shida ileile ya namba kubadilisha mwenyewe, kwa hiyo weka kufuli dogo au bendera kati yao.

Kwa soketi ya kusikiliza usitegemee shutdown kama unataka kuhama mifumo. Kwenye Linux inaiamsha accept na kosa la EINVAL, kwenye macOS inakurudishia ENOTCONN. Huko tumia poll na paipu kama nilivyomweleza kijana wa Masasi hapo juu.

SWALI: Shikamoo mwalimu, ni binti yako wa Mombasa. Natumia Java, thredi yangu inasoma kwa InputStream ya soketi. Naita interrupt, isInterrupted inasema kweli, lakini thredi bado imeganda. Nimeona pia kuna stop. Nitumie ipi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Stop isahau, ilitangazwa haifai tangu JDK 1.2 mwaka 1998, na kuanzia Java 20 ukiiita inakurushia UnsupportedOperationException tu. Sababu ni zilezile za ufunguo mfukoni, ila kwenye Java ni kinyume kidogo: makufuli yanaachiwa yote kwa ghafla, na vitu vilivyokuwa nusu vimerekebishwa vinaonekana na thredi nyingine vikiwa nusu hivyohivyo.

Interrupt kwenye thredi ya kawaida inainua bendera na kuamsha sleep, wait, join na vya namna hiyo, haigusi read ya soketi ya zamani. Kwako wewe suluhisho ni kufunga soketi kutoka thredi nyingine, read itarusha SocketException. Najua nimetoka kumkataza mwenzio wa Nairobi, lakini Java imekufanyia kazi chafu yenyewe: kwenye Linux JVM, mashine inayoendesha Java, inaweka daftari la thredi zilizolala kwenye kila namba, ukifunga inaigeuza kwanza namba ielekee mahali pasipo na mtu kwa dup2, alafu inazitumia thredi hizo signali ziamke, na ndipo namba inaachiwa. Wewe huna haja ya kuyaona hayo.

Ukitumia SocketChannel, ambayo ilikuja na Java 1.4, interrupt inafanya kazi, inafunga chaneli na thredi inapata ClosedByInterruptException. Uangalie sana FileChannel hapo, nayo ina tabia hiyohiyo, ukiiinterrupt thredi moja iliyokuwa inasoma faili, chaneli inafungwa kwa wote wanaoitumia. Nimeona hifadhidata ndogo imezimika nzima kwa sababu mtu mmoja alibonyeza Ghairi. Na kama uko Java 21 na unatumia thredi pepe, hizo virtual, interrupt inaamsha hata read ya Socket ya kawaida, ila soketi inafungwa.

SWALI: Mambo mwalimu, mwanafunzi Mbeya. Python, thredi inasoma siriali na nyingine inasoma soketi, nimejaribu signali haziamshi chochote. Naomba jibu fupi.

JIBU: Poa mwanangu. Python handler za signali zinakimbia kwenye thredi kuu tu, na tangu 3.5 ya mwaka 2015 ikikutana na EINTR inarudia yenyewe kusoma, waliamua hivyo kwenye waraka wao wa PEP 475 ili watu wasihangaike, kwa hiyo njia ya signali kwako imefungwa pande zote mbili. Kwa siriali, kama unatumia maktaba ya pyserial, ita cancel_read kutoka thredi nyingine, ipo tangu toleo 3.1. Nakusihi ufungue msimbo wake usome, ni somo zuri kuliko maelezo yangu: upande wa Linux utakuta paipu na select, upande wa Windows utakuta CancelIoEx. Kwa soketi tumia shutdown, au select na socketpair. Usiweke paipu kwenye select ukiwa Windows, kule select inakubali soketi tu.

SWALI: Mwalimu, niko tehama kwenye ofisi moja Zanzibar. Prosesi ya kuchukua nakala rudufu imeganda baada ya seva ya mafaili kuzimika umeme. kill -9 haiui. Nimeangalia ps, orodha ya prosesi, naona herufi D. Je hii nayo inaamshwaje?

JIBU: Pole ndugu yangu, hii ndo ngumu kuliko zote na haya yote ya juu hayaifikii. Herufi D ni usingizi usiokatizwa, kerneli imeamua kwamba kazi hii haiachiwi katikati, kwa kawaida ni diski au NFS, yaani mafaili ya seva yanayosomwa kwa mtandao. Faili la kawaida poll inasema liko tayari siku zote, hata kama diski imekufa, kwa hiyo mbinu ya paipu haina pa kushika.

Kama ni NFS, na umeunganisha kwa hard ambayo ndo kawaida yake, mteja anasubiri seva bila kikomo. Tangu Linux 2.6.25 ya mwaka 2008 kuna usingizi wa aina ya tatu, unaokubali kukatizwa na signali ya kuua tu, na NFS inautumia, kwa hiyo kwenye hali nyingi kill -9 ilitakiwa ikubali. Kama haikubali imelala sehemu nyingine. Angalia cat /proc/namba ya prosesi/stack ukiwa root, utaona jina la kazi ya kerneli iliyolala humo, ukiona majina yenye nfs au rpc ni mtandao, ukiona ya ext4 au ya diski angalia dmesg, logi ya kerneli, huenda diski yenyewe inakufa.

Cha kwanza washa seva irudi na anwani ileile, mara nyingi prosesi inaendelea palepale ilipoachia kana kwamba hakuna kilichotokea, na hiyo ndo faida ya hard. Kama haiwezekani kuirudisha, tumia umount -f, na ikikataa umount -l, ambayo inaiondoa kwenye mti wa mafaili ingawa waliokwama wataendelea kukwama. Usihamie soft kwa hasira. Soft ikichoka kusubiri inairudishia programu kosa, na programu nyingi za kuandika haziangalii kosa hilo vizuri, utapata nakala rudufu yenye mashimo na hutajua mpaka siku unayoihitaji.

Kwa programu unayoiandika mwenyewe, kusoma mafaili ya mtandao kuweke kwenye prosesi ya pembeni, siyo kwenye thredi. Ikiganda, prosesi kuu inaacha kuisubiri, inaandika kwenye logi, inaanzisha nyingine kwa kazi zinazofuata. Iliyoganda itabaki kwenye ps na D yake mpaka seva irudi au mashine iwashwe upya, lakini watu wako kaunta wanaendelea kuhudumiwa.